Alichofundishwa Binti Yetu Kabeza

Hapa Kigali matokeo ya muhula husomwa mbele ya wazazi wote, na siku hiyo wanaiita proklamasio. Katika shule ya kawaida, kule Remera, binti yangu alitajwa wa mwisho kila mara, na wapo wazazi waliocheka. Ni mzito wa kuelewa, sikatai. Tukamhamishia shule ndogo ya watoto wenye mahitaji maalumu, Kabeza. Madarasa mawili tu: watoto wa wanajeshi wa Kanombe, wa wafanyabiashara Wakongomani, wa sisi Watanzania, mmoja bado ana meno ya utoto, mwingine keshaota ndevu. Wavulana tele, wasichana wa kuhesabika. Niliuliza kwa nini, nikaambiwa wasichana wanafichwa nyumbani.

Muhula wa kwanza tu, mtoto akaharibika. Yule mpole wangu, ukimwambia mpe mgeni soda yako anampa, sasa kila neno ni "Oya!" Hiyo ndiyo "hapana" ya Kinyarwanda, tena kwa kupiga mguu chini. Vaa viatu, oya. Kapakatwe na mjomba, oya. Baba yake akaona maji yamezidi unga.

"Shule gani hii inafundisha ukaidi?" alisema. "Matokeo yakiwa mabaya na huku, namrudisha Bukoba kwa mama yangu."

Nililia. Nilijua huko angekaa jikoni mpaka azeeke.

Siku ya proklamasio nilikaa kiti cha nyuma kabisa, nisionekane. Kumbe pale hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kila mtoto huitwa mbele aonyeshe jambo moja alilojifunza. Kijana mwenye ndevu alifunga kamba za viatu, tukampigia makofi na vigelegele. Kisha akaitwa wetu. Mwalimu wake, mama wa makamo, akamwomba sweta yake.

"Oya."

Akamwambia njoo nikubebe. "Oya." Akatoa peremende, akamwambia twende wawili tu nyuma ya darasa. Mtoto akapiga mguu chini, "Oya!", akanikimbilia.

"Amefaulu," mwalimu akasema, akatugeukia. "Mama, huyu mutoto alikuwa anakubalia kila mutu. Musichana hajui kukataa, iko hatari sana. Tulimufundisha hiyo tu, muhula muzima."

Jamani! Kumbe muhula mzima tumekuwa tukimgombeza mtoto kwa kufanya kazi za shule! Nilicheka huku machozi yananitoka, nikasikia kifua chepesi kama nimetua ndoo ya maji.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani baba akasimama, akachuchumaa mbele ya binti yake. Habari ya Bukoba tulikuwa tumeijadili sisi wawili, mtoto hatukuwahi kumuuliza.

"Mwanangu, unataka kwenda kukaa kwa bibi Bukoba?"

Mtoto akamtazama usoni. "Oya."

"Haya mama, nimesikia," baba akajibu, na habari ya Bukoba ikaishia hapo hapo.