Haja ya Mama wa Mapasa

Jamani, kazi yangu ni kutunza siri za watu, halafu mimi huyu huyu nilisimama katikati ya kanisa, macho nimeyafumba kwa unyenyekevu, nikaitoa siri ya mtu hadharani.

Ninafanya ushauri katika kituo kidogo hapa Kolwezi. Kulikuwa na mama aliyekuja kutoka Musonoi, nitamwita Mama Ndaya (si jina lake, angalau hilo nimejifunza). Mwanzoni aliongea bei ya makala tu, yale makaa ya kupikia, wiki nenda wiki rudi ni makala, mimi nasikiliza, hadi siku moja akasema lililomleta: kaka yake alifunikwa na udongo katika shimo la kuchimba madini, na tangu hapo mume wake amekuwa mtu wa ngumi, na yeye anajiandaa kimyakimya kuchukua watoto akimbilie kwa mama yake, tuseme Dilolo (si Dilolo). Mume akijua mapema, alisema, atamuua. Nikamwambia maneno yanayoingia chumba hiki hayatoki. Akaniamini.

Sasa, hofu yake ikahamia kwangu, hata ugali haushuki. Basi kwenye maombi ya akina mama, Mama Présidente, kiongozi wetu, alipouliza nani ana haja, nikaona huyu nitamkabidhi kwa Mungu bila kumtaja. Nikasimama. Nikaomba kwa ajili ya mama mmoja wa Musonoi, mama wa mapasa, Bwana amfungulie njia arudi kwao salama kabla mkono wa mume haujamfikia.

Mama wa mapasa! Kwetu mwanamke akizaa mapacha hilo ndilo linakuwa jina lake, mtaa mzima unamwita hivyo, wanaomjua na wasiomjua, na mimi (msomi mzima, mwenye cheti ukutani) nilidhani nimemficha. Kabla sijakaa, Mama Présidente akasema, "Ule tunamujua. Bamama, mubebe bunga, tuende tumufariji leo leo. Na bwana yake asikie."

Hiyo ni desturi yetu, mwenye shida hafarijiwi kwa mbali, mnakwenda na unga na nyimbo. Ningewazuiaje? Nikisema si yeye, nimethibitisha ni yeye. Nikanyakua beseni la unga lililokuwa karibu, nikawaambia natangulia kuwapigia hodi, nikarukia taxi-moto, na njia nzima namwomba kijana aongeze mwendo huku namwomba Mungu afute ombi la kwanza.

Tulipofika uani kwao pikipiki ikateleza kwenye tope, nami nikaruka na beseni langu. Nilipoinua uso, mwekundu wa tope upande huu na mweupe wa unga upande ule, mume alikuwa amesimama mbele yangu, mkononi ameshika buti la kazi.

"Unatafuta nani, mama?"

Nikamnyooshea beseni. Nyuma yangu nyimbo zilikuwa zimeshafika kwenye kona, kumbe akina mama nao walidandia gari. Nilimwona Mama Ndaya mlangoni, akanitazama, akawasikia wale wanaokuja, na nikaona uso wake ukielewa kila kitu.

"Ni mi njo nilibaita," akamwambia mume wake, kana kwamba ndiye aliyetualika. "Banakuya kuombea kaka yangu."

Wakaingia. Mama Présidente akafungua mdomo kuanza mawaidha, na mimi kwa woga nikaangua kilio cha msiba, sauti mbovu ajabu, nimekaa vilevile kwenye tope, na akina mama wakanipokea kwa sababu kwetu kilio hakiachwi peke yake. Tukalia hadi mume akavua kofia. Présidente alikosa nafasi ya kusema neno.

Mama Ndaya akanisindikiza hadi barabarani, akinipangusa unga begani kama mtu anayempangusa mtoto. Akasema polepole, "Mama, ulisemaka maneno haitokake mu ile chumba." Nikaomba msamaha. Akageuka, akarudi ndani.

Wiki iliyofuata alikuja. Nilifurahi kama mjinga. Akakaa, akaniambia makala yamepanda bei. Wiki nyingine tena, makala. Kisha kiti kikabaki wazi, na sokoni nikasikia kwamba mama wa mapasa haonekani, wala watoto wake, na mume anazunguka akiuliza.

Mimi sikuambiwa, na nilistahili kutoambiwa. Siku hizi wakiuliza nani ana haja, naombea goti langu lililoumia siku ile, basi. Lakini usiku nalala nikijiuliza kama alifika kwa mama yake, au alikamatwa njiani, na siwezi kumuuliza mtu yeyote, maana kuuliza tu ni kumtaja tena.