Mwanamke aliyepelekwa Serengeti na mume wangu, enzi za wakimbizi Ngara

Wakuu, habari za jioni. Walionizidi umri shikamooni, wadogo zangu marahaba hata kabla hamjaniamkia.

Kuna kijana humu kafungua uzi anaomba ushauri. Ofisi inampeleka nje kikazi, huko kuna mbuga, na yeye hajawahi kumwona simba kwa macho yake. Anataka kuunganisha siku za kazi na likizo yake ya kwanza ya kuona wanyama. Mmemjibu vizuri sana. Mmempa bajeti, viatu, dawa ya mbu, mpaka aina ya darubini.

Ila hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba huko aendako, dereva atakayemsaidia kupanga hiyo safari ana mke nyumbani.

Mimi nilikuwa huyo mke. Nawasimulia kama ilivyokuwa, sina haja ya kuongeza chumvi maana yenyewe ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Ilikuwa Ngara, mpakani na Rwanda, enzi za wakimbizi waliotoka huko. Wengi wenu mlikuwa bado hamjazaliwa, kwa hiyo nieleze kidogo.

Mji wetu ule wa mlimani, uliozoea baiskeli na lori la misheni, ulijaa magari meupe yenye antena ndefu. Nyumba za kupanga zikawa hazishikiki. Aliyejua Kiingereza cha kuombea maji alikuwa ameajiriwa kambini. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale mjini, mume wangu Deo alikuwa dereva wa shirika moja la wageni lililoshughulika na maji kambini. Jina la shirika halituhusu.

Akaja Birgit.

Huyu alikuwa mhandisi wa maji kutoka Denmark, kaletwa kwa miezi michache tu, na alikuwa hajawahi kukanyaga Afrika. Mrefu, mwekundu kwa jua, mchapakazi. Simsingizii, alikuwa mtu mzuri. Ndiyo iliyokuwa inaniuma zaidi, maana mtu mbaya ningemchukia nikapumzika.

Hesabu yake ilikuwa kama ya huyu kijana wetu. Nauli ya ndege imeshalipwa na ofisi, sasa kwa nini nirudi Ulaya bila kuona wanyama? Naongeza siku zangu za likizo mwishoni, naenda Serengeti. Akili nzuri, sina neno.

Neno langu lilianza alipomwomba Deo amsaidie kupanga na ampeleke yeye mwenyewe, na Deo akaitikia kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuitikiwa.

Wakuu, mume wangu alipanga.

Ramani ikatandazwa juu ya meza yangu ya kusahihishia. Madaftari ya darasa la nne yakahamia kitandani. Kila jioni Deo yuko na penseli, anauliza madereva waliotoka Mwanza barabara ikoje, kivuko kinajaa saa ngapi, mgeni atalala wapi pasipo na kelele, atakula nini kisicho na pilipili. Alijua mgeni anakunywa chai bila sukari. Mimi ninavyokunywa chai sidhani kama alikuwa anajua.

Siku moja akaja na mto wa kulalia. Kampa fundi cherehani aushone, ndani kajaza sufi safi, laini kabisa. Nikadhani wangu. Akasema Birgit shingo inamsumbua garini.

Mimi nilikuwa nalalia kitenge kilichokunjwa.

Na huyo Deo, mwisho wake wa dunia ulikuwa Mwanza, tena alifika mara moja na lori la misheni akalala chini ya hilo lori. Tangu anioe nilikuwa namwomba anipeleke Bukoba kwa dada yangu. Jibu lilikuwa moja: barabara mbaya. Kumbe barabara zinakuwa nzuri kutegemea nani amekaa kiti cha mbele.

Kabla hamjaenda huko mnakotaka kwenda: hapana, hawakuwa na jambo. Ningejua. Mwenzangu Mwalimu Jenista alinishauri nikague mashati, nikakagua, hayakuwa na kitu zaidi ya vumbi la kambini. Sikuwa naona wivu wa kitandani. Nilikuwa naona wivu wa penseli. Mtu anakaa chini, anafikiria siku ya mwenzake tangu asubuhi mpaka jioni, asije akapata shida mahali. Mimi sikuwahi kufikiriwa hivyo.

Basi. Wiki ya mwisho ya kazi yake Birgit akaja kula kwetu. Nikapika ndizi, maharage na kuku, nikavaa vizuri, nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Katikati ya chakula, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akaniambia:

"Mama Neema, Deo alisema baada ya harusi mlienda Serengeti. Wewe ulipenda nini zaidi?"

Nikamwangalia Deo. Deo anaangalia mfupa wa kuku kama vile umeandikwa kitu.

Mimi Serengeti nilikuwa naijua kwenye kitabu cha Jiografia cha darasa la tano.

Ningeweza kumuumbua pale pale. Ila kibarua chake ndicho kilichokuwa kinatulisha, na dereva akishajulikana ni mwongo hapewi tena funguo. Halafu hasira ikaniletea akili ambayo upole haujawahi kuniletea. Nikamjibu:

"Nilipenda kila kitu. Ndiyo maana Baba Neema aliniahidi kwamba akienda tena tutakwenda wote. Nimeshafungasha."

Ndizi zikamkwama Deo kooni, ikabidi nimpe maji.

Birgit alifurahi kweli. Akasema alikuwa na wasiwasi wa kusafiri na mwanamume peke yake, ila aliona aibu kusema. Hapo nikampenda kidogo, bila kupenda.

Mgeni alipoondoka, Deo alitaka kujieleza. Nikamwambia sitaki kusikia, atajieleza njiani.

Shule zilikuwa zimefungwa. Mwanetu Neema alikuwa ameshaacha ziwa, nikampeleka Murusagamba kwa mama mkwe. Mama akaniuliza kwenda huko nakwenda kufanya nini. Nikasema kuangalia wanyama. Akaniuliza, "Wa miguu minne au wa miguu miwili?" Nikasema wote, mama. Akanifungia na mkungu wa ndizi mbivu, akasema nisisinzie.

Birgit alikodi Land Rover ya mfanyabiashara mmoja wa mjini. Gari la shirika lilikuwa haliruhusiwi kwa mambo binafsi, na Deo mwenyewe alikuwa ameomba likizo yake ya mwaka. Ndiyo, likizo yake. Niliposikia hilo nilitafuna ulimi.

Siku hizo njia ya Biharamulo hukupita kienyeji. Majambazi walikuwa wanateka magari porini, kwa hiyo magari yanajikusanya asubuhi, polisi wenye bunduki mbele na nyuma, mnaondoka kwa msafara. Birgit alikaa mbele na mto wake wa sufi. Mimi nyuma na madumu ya mafuta na mkungu wa mama mkwe.

Pori lilikuwa kimya. Birgit akauliza mbona hapa hakuna wanyama, Deo akasema wamehama. Ukweli ni kwamba wengi walikuwa wameshapita kwenye sufuria. Watu wote wale wa kambini walikuwa wanataka kula.

Tukalala Biharamulo kwa masista, kesho yake tukasukuma mpaka Busisi kwenye kivuko. Foleni ndefu, magari yamelala kama mamba. Birgit akashuka na kamera yake kwenda kupiga picha ziwa.

Tukabaki mimi na Deo, tumesimama nyuma ya gari na sato wa kukaanga kwenye gazeti.

Nikamwambia, haya, sasa nieleze hiyo fungate yetu ya Serengeti. Huyu ataniuliza tena, na mimi sitaki kuumbuka.

Akaanza. Kwamba padri alituazima gari. Kwamba nilivaa lile gauni la bluu nililovaa siku ya kuchumbiwa. Kwamba usiku wa kwanza nilimwogopa fisi, yeye akakaa mlangoni mwa hema mpaka nikapata usingizi. Kwamba asubuhi nilimwona ngiri anakimbia na mkia juu, nikacheka mpaka nikakaa chini. Kwamba alinimenyea chungwa, nikamwambia anamenya vibaya, nikamnyang'anya kisu.

Alisimulia bila kukwama hata mahali pamoja. Mimi nikaacha kula.

Kwa sababu fungate yetu mimi naijua. Tulioana baada ya Pasaka. Kabla hata vyombo vya watu havijarudishwa, watu wakaanza kuvuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, barabara nzima imejaa watu na magodoro kichwani. Deo alikuwa bado dereva wa lori la misheni. Akaitwa asubuhi kwenda kubeba waliochoka na waliojeruhiwa, akaniambia jioni nitakuwa nimerudi. Aliporudi mimi nilikuwa nimeacha kumsubiri kwa chakula. Nguo zake nilizifua mara mbili zikakataa kutakata. Alilala, akaamka, akaondoka tena. Hakusema kitu, na mimi nikaona ni heshima kutouliza.

Nikamuuliza hayo yote ya fisi na chungwa kayatoa wapi.

"Nilikuwa nayatunga kwenye lori," akasema. "Nikienda mpakani, nikirudi. Ilibidi akili niiweke mahali."

Kumbe Birgit, siku moja wako njiani kwenda kambini, alimuuliza: watu walipovuka pale Rusumo, wewe ulikuwa wapi? Deo akashindwa kumwambia alikuwa wapi. Akamwambia nilikuwa Serengeti na mke wangu, tumetoka kufunga ndoa. Mgeni naye akasema vizuri, basi njia unaijua, nisaidie kupanga. Uongo ukawa umempandisha gari, kushuka hawezi.

Wakuu, mnadhani hapo nililainika? Sikulainika. Wivu wangu ulikuwa pale pale. Nikamwambia:

"Na kwa nini umwambie yeye kabla yangu?"

Hakukasirika. Akafuta mikono kwenye gazeti, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Yeye aliniuliza," akasema.

Birgit akarudi na kamera yake, kivuko kikafika, tukaingiza gari.

Nilivuka lile ziwa sioni maji. Wivu haukuisha, ulihama tu. Ukamwacha Birgit, ukamvamia yule mwanamke mwingine, mwenye jina langu na gauni langu la bluu. Yule aliyemenyewa chungwa. Yule ambaye mumewe alikaa mlangoni badala ya kuondoka alfajiri na lori. Wakati mimi nasugua mashati peke yangu Ngara, mume wangu alikuwa naye kila siku. Na alikuwa anacheka! Mimi siku zile sikuwahi kucheka.

Kumwonea wivu mtu asiyekuwepo ni kazi ngumu, wakuu. Huwezi hata kukagua shati.

Mwanza tulilala bila maneno mengi. Ila kabla hatujalala nilimuuliza Deo swali moja: pale Rusumo kulikuwa na nini? Akanisimulia. Hayo siyaandiki humu, ni yake. Nasema tu kwamba alilia, na mimi nikampa bega, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nilijua mtu niliyeolewa naye alikuwa wapi.

Kesho yake tukaingia mbugani kwa upande wa ziwa.

Msiniulize sana kuhusu simba, tulimwona mmoja amelala, hata kichwa hakuinua. Nyumbu walikuwa wengi, nyika nzima inatembea. Birgit analia kwa furaha, anasema asante Deo, asante Deo. Deo mwenyewe ana macho kama ya mtoto, ila anajikaza kwa sababu yeye ni mzoefu. Mimi nami najikaza. Waongo wawili, tunaibia kushangaa mgeni akigeuka upande mwingine.

Halafu ngiri akakatiza barabara, mkia juu.

Nilicheka. Sikupanga. Nilicheka nikapiga piga kiti cha Deo, nikakosa pumzi. Nilipoinua kichwa nikaona Deo kasimamisha gari, kageuka nyuma, ngiri hamtazami. Ananitazama mimi.

Birgit akaniuliza, "Mama Neema, ni kama mara ya kwanza?"

Nikasema, "Hii ni nzuri kuliko ile."

Akatabasamu, akafungua mlango, akaniambia nihamie mbele, yeye atakaa na madumu. Nikahamia. Sikukataa hata kwa adabu. Yule mwingine abaki na gauni lake.

Sasa somo, kwa kijana wetu anayesafiri. Panga safari yako, ule maisha. Ila ukimpata mwenyeji wa kukupangia, muulize ana nani nyumbani, na kama kuna nafasi nyuma kwenye madumu, mwambie aje naye.

Na nyie mlio kwenye ndoa, mnaojisifu kwamba hamchunguzani. Muulize mwenzako alikuwa wapi. Ukingoja aanze mwenyewe, atakuja mgeni wa miezi michache amuulize njiani, na atakachojibiwa kitakuuma.

Wivu wangu siuombei msamaha. Bila wivu ningebaki Ngara na madaftari yangu.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye wivu wenzangu njooni tufarijiane hapa chini. Na mnaosema wivu ni ushamba, njooni pia, mimi nimestaafu, muda wa kuwajibu ninao.