Sapu Yangu ya Aljebra

Mwaka niliopata sapu ya aljebra nilirudi nyumbani Sapiwi bila kumwambia mama kwamba nimefeli na natakiwa kurudia mtihani. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kuacha chuo. Kila nilipotaka kusema, mama alinisukumia kapu jingine la pamba, nami nikashukuru.

Kwetu pamba huchambuliwa kwa mkono kabla ya kuuzwa: safi huku, na fifi, ile yenye madoa na majani makavu, kule. Siku ya tatu mama aliniuliza, bila kuinua macho, ni somo gani linaloninyima raha. Mama si mtu wa kudanganywa. Nikamwambia yote.

Nilimweleza kwa hasira, utadhani yeye ndiye aliyetunga mtihani. Sita ni mbili mara tatu, hilo hata yeye analijua, na haivunjiki zaidi. Lakini ukiingiza kipeuo cha pili cha hasi tano miongoni mwa namba, sita hiyohiyo inavunjika pia kwa njia nyingine kabisa. Mimi niliandika kwamba njia ni moja tu, na swali zima likaanguka. Ili kupima vurugu hiyo, wanahisabati hukusanya namba katika mafungu, kisha huyapanga mafungu kwa madaraja. Daraja likiwa moja, hakuna vurugu. Kwa hasi tano yapo mawili: fungu la daraja la kwanza hujengwa na namba moja tu, lakini la daraja la pili, namba moja haitoshi.

“Ila ukizidisha mafungu mawili ya daraja la pili,” nikasema, “unapata la daraja la kwanza.”

Mama aliacha kuchambua. “Mawili yaliyopungukiwa?”

“Yanatoa lililokamilika, mayu. Kila mara.”

“Sasa mwanangu, usichokijua ni kipi? Mimi nimeishia darasa la nne na nimekuelewa.”

Nililia, wala sikuona haya. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia maneno yanayofanana na hayo.

Nilipofuta macho nikaona nilichofanya. Muda wote wa kueleza nilikuwa natupa fifi kwenye safi, na kazi yake ya asubuhi nzima ilikuwa imeharibika. Nikasubiri anifokee. Mama akalivuta rundo lote upande wake wa turubai, akaanza upya, na kuniambia niingie ndani nikasome.