Soda Kumi na Nne za Kabera

Tak! Hiyo ndiyo sauti ya Kabera wanayoikumbuka watu wa mtaa wa Biryogo: swichi kubwa ikizimwa, halafu kimya. Alikuwa akizima umeme wa nyumba nzima, kisha anauwasha tena chumba kwa chumba, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Kabla mwenye nyumba hajamaliza kulalamika, yeye ameshajua kama ni pasi, redio au waya uliochubuka unaokula umeme bure. Shule aliiacha darasa la sita. Masikio yalimsomesha yaliyobaki.

Mwaka wa 1992 serikali ilitenga fungu la kufundisha wakaguzi wa umeme wa majengo. Watu kumi na sita walifundishwa kwa mwezi mmoja. Wanane tu ndio wangelipiwa masomo ya mwaka mzima na kuajiriwa. Kabera, mwenye miaka arobaini na mitatu, ndiye pekee kati yao asiyekuwa na diploma. Mtihani ulikuwa mmoja: kagua jengo, ueleze umeme unapotelea wapi. Yeye alipangiwa ofisi za serikali za mtaa wa Kacyiru, za Bwana Évode, mkurugenzi yule yule aliyesimamia fungu hilo.

Taa na mashine za kupiga chapa hazikumsumbua. Zilimsumbua friji. Karibu kila ofisi ilikuwa na yake, ya kupozea soda za wageni, na mgeni mwenye adabu hafungui friji ya mtu, kama asivyofunua chungu cha jirani. Basi Kabera akabuni njia. Aliingia, akasalimu, akangoja kukaribishwa. Mwenyeji alipofungua friji, Kabera alisikiliza mota. Chupa ilipofunguliwa mbele ya macho yake, kama adabu inavyotaka, alikunywa nusu, halafu akatumbukiza kipimajoto katika nusu iliyobaki. Siku tatu, soda kumi na nne.

“Baba Mutoni, hiyo ni kazi au harusi?” mkewe, Mukashema, alimuuliza alipomwona anasukuma kando sahani ya wali.

“Kazi. Nimeshiba serikali.”

Ila ile soda ya kumi na nne haikumshuka vizuri. Ilitoka kwa Bwana Évode, ikiwa na barafu shingoni mwa chupa. Mpira wa mlango wa friji yake ulikuwa umechanika, na mota haikupumzika muda wote walipozungumza. Nao walizungumza sana: mkurugenzi alimuuliza habari za Biryogo, za mkewe, hata akampa chupa nyingine ampelekee mtoto wake, Mutoni.

“Mtu akunyweshe, kisha ukamtangaze mbele ya watu?” Mukashema alisema aliposimuliwa. “Na yeye ndiye anatia sahihi majina! Nafasi hiyo umeingoja maisha yako yote, wewe.”

Kabera akaandika friji kumi na tatu.

Siku ya kutoa ripoti alisimama mbele ya meza ndefu ya wakubwa wa ofisi zile, akasoma friji moja moja. Bwana Évode alifurahi kuliko wote.

“Mhasibu! Friji nzima kwa chupa mbili? Unazilea?”

Mhasibu akajifunika uso kwa faili, na chumba kizima kikacheka. Injinia Illuminée, mwalimu wao, hakucheka. Alikuwa akipiga hesabu pembeni mwa karatasi.

“Mita umeisoma vizuri, Kabera,” alisema. “Lakini taa zako, mashine zako na friji zako kumi na tatu hazifiki kwenye umeme uliotumika. Kuna kitu kinakula, na humu hakimo. Ni nini?”

“Ndiyo, mtaje!” Bwana Évode alidakia, akipangusa machozi ya kicheko. “Mwizi wetu ni nani?”

Kabera aliitazama ripoti yake. Angeweza kusema hajui. Wangempunguzia alama kidogo, na pengine nafasi angeipata. Lakini ukaguzi gani huo, wa kusikia kitu na kujifanya kiziwi? Huko nyuma wenzake kumi na watano walikuwa wakingoja, wengine wakitabasamu. Akaikunja karatasi, akaizunguka meza mpaka kwenye kiti cha mkurugenzi, akainama hadi sikioni mwake, asije akamwaibisha mbele ya watu.

“Samahani, mkubwa wangu,” alimnong’oneza. “Ni friji yako.”