Baba Hakupigwa na Ng'ombe

Jumatatu ya pili ya mwezi wa sita, saa kumi na moja na robo alfajiri, mimi na baba tuliondoka nyumbani, nje kidogo ya Bariadi, kwenda Mwanza. Majirani waliambiwa tunafuata ncha ya plau. Mama aliambiwa baba anakwenda kuonyesha kifua alichopigwa na pembe ya Sitaki, ng'ombe wetu mkorofi. Mimi niliambiwa nivae viatu vya shule tu, maana hospitali kuna karatasi za kusoma, na baba hajui kusoma.

Nilijua si ng'ombe. Lakini mimi ni mtu wa aibu. Hata darasani, kidato cha tatu sasa, nikiulizwa swali ninalolijua sauti inakauka. Mengi naishia kuyaandika kwenye daftari.

Hadi Lamadi njia ilikuwa vumbi na malori ya pamba. Mwaka huu wanunuzi binafsi wameruhusiwa, wanafukuzana vijijini kama watu wanaowahi posa. Kila basi liliporuka shimo, baba aliweka kiganja kifuani upande wa kushoto, kama mtu aliyebeba yai mfukoni.

Nassa basi lilisimama, tukashuka kunyoosha miguu. Mwanamume mmoja anayefahamiana na baba akamsalimu, "Mwangaluka! Safari ya wapi?"

"Mwanza. Nafuata ncha ya plau."

"Plau Mwanza? Soko huria hili, Bariadi siku hizi kila kitu kipo! Sema unafuata mwanamke, bwana. Na binti umemleta akusomee barua zake?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Nilishangaa uongo unavyomtoka kwa urahisi.

Saa nane mchana tulifika Mwanza, kwa mama mdogo, mdogo wake mama. Ana mimba ya miezi saba, na nyumba yake imebanwa kati ya mawe mlimani. Alimtazama baba toka juu hadi chini.

"Shemeji, umekonda! Dada yangu siku hizi hakupikii?"

"Ng'ombe alinipiga, shemeji. Hapa."

"Ng'ombe gani huyo, mwenye kuchagua titi?"

 Chai ya baba ilipoa, nikainywa mimi.

Jumanne saa tatu asubuhi tulikuwa kwenye benchi la hospitali. Wote waliosubiri walikuwa wanawake. Mama mmoja akamwuliza baba kwa upole, "Unamsubiri mama watoto?" Baba akajibu ndiyo. Ndipo muuguzi akaita jina lake. Baba akatazama sakafu. Akaitwa tena. Mara ya tatu nikasimama mimi, nikasema, "Ni sisi." Vichwa vyote viligeuka. Sijui miguu yangu ilifikaje mlangoni.

Daktari alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimwambia baba avue shati. Sikuwa nimewahi kukiona kifua chake. Chuchu ilikuwa imezama ndani, ngozi imevutwa kuizunguka kama nguo iliyoshonwa vibaya, na pembeni kulikuwa na chale za mganga. Niligeukia ukuta.

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu msimu wa kulima uliopita. Ng'ombe alinipiga pembe. Zahanati walinipa vidonge vya maumivu."

"Damu inaweza kuvilia ikawa ngumu," daktari alisema. "Kama ni hiyo, tungekupa dawa, urudi baada ya mwezi." Lakini mkono wake ulikuwa bado unapapasa kwapani mwa baba, na uso wake haukukubaliana na maneno yake. Akanigeukia. "Binti, siku hiyo ulikuwepo?"

Nilikuwepo. Ilikuwa likizo ya mwezi wa kumi na mbili, na ni mimi niliyekuwa natangulia mbele ya ng'ombe nikiwaongoza. Hakuna aliyepigwa. Mwezi mmoja zaidi!  Nikafungua mkoba, nikatoa daftari langu, nikatafuta ukurasa wa likizo ya kidato cha kwanza, nikampa.

Alisoma kwa sauti: "Nimefua shati la kijani la baba. Lina doa la damu kifuani, halitoki. Nimemuuliza, kasema ni kutu ya plau."

Mwaka mmoja na nusu. Baba alikuwa ameshika shati mkononi bila kulivaa. Hakuwa na hasira, na mimi ningependelea hasira.

"Kuna mtu wa damu yako aliyewahi kuugua titi?" daktari aliuliza.

Nilidhani atasema hapana.

"Mama yangu mzazi," baba alisema. "Lilioza. Tulisema amerogwa." Kisha akaninyooshea kidole. "Huyu ndiye mwenye jina lake. Minza."

Daktari aliacha kuandika, akanitazama kwa muda. Mpaka leo natamani asingenitazama vile.

Alitueleza bila kupamba maneno. Inaonekana ni kansa. Kwa mwanamume hutokea mara chache, ndiyo maana hakuna anayeitafuta. Kupona kunategemea uvimbe umekuwa mkubwa kiasi gani na kama umesambaa kwapani, na kwa baba umeshaanza kusambaa. Kunategemea pia umekaa muda gani. "Wanaume wengi hawauawi na ukali wake," alisema. "Wanauawa na kuchelewa. Na wengine wakishaanza matibabu, hawarudi." Kesho yake wangekata kipande wapime. Kikithibitisha, Jumanne inayofuata wangeondoa titi lote, lakini lazima ndugu wawili wafike kabla ya hapo kutoa damu. Bila damu, hakuna upasuaji.

Jumatano mchana baba alikuwa kitandani, ameshakatwa kipande, wodi ya wanaume, shuka limevutwa hadi shingoni kwenye joto lile. Alimwambia mgonjwa wa kitanda cha jirani anaumwa mapafu. Mama mdogo hangeweza kutoa damu na mimba ile.

"Mayu," baba aliniita. Mayu ni mama. Huniita hivyo kwa ajili ya jina. "Ukifika nyumbani, sema nimebaki natafuta plau."

"Na damu, baba?"

"Itapatikana."

"Kwa nani?"

Alilikaza shuka shingoni. "Kaka yangu akisikia, atacheka mpaka siku ananizika."

Alhamisi nilirudi peke yangu. Safari yote sikuona kilichopita dirishani. Nilikuwa nahesabu siku hadi Jumanne, na nilijipapasa mwenyewe chini ya kanga, sikujua natafuta nini.

Jioni, jikoni, nilimwambia mama kila kitu. Alikaa chini kwenye majivu. Aliposema, alisema taratibu: "Nenda wewe kwa baba yako mkubwa. Mimi nikitamka titi la mume wangu mbele ya nduguze, watauliza nimemfanya nini. Mama mkwe alipokufa, mke mwenzake alifukuzwa, akaambiwa ndiye aliyemroga."

Sikurudi na jambo kubwa la kujivunia. Nimejifunza tu kwamba nilifua doa lile mwaka mmoja na nusu uliopita, nikaliandika vizuri, na kuandika hakukumfikisha baba hospitali.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kituo cha kununulia pamba. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa amekaa juu ya mzigo wake kwenye foleni ya mizani na mwanawe Masele, wanaume tele wamewazunguka.

"Minza! Plau imepatikana?"

"Baba ana kansa ya titi. Anahitaji damu yenu kabla ya Jumanne."

"Ya nini? Mdogo wangu ananyonyesha?" Wakaangua kicheko wote. Masele alijipiga mapaja.

Machozi yalinitoka, nikayaacha. "Kama bibi," nilisema. "Wewe ulikuwepo."

Baba mkubwa aliacha kucheka kabla ya wenzake. Akaingiza mkono ndani ya shati, akajipapasa upande mmoja, halafu wa pili, polepole. Kisha akamwambia Masele, "Kavae viatu."

Akatazama pamba yake, akatazama mizani. Nikamwambia basi linapita saa nne, pamba nitailinda mimi. Nikapanda juu ya mzigo, nikakaa.