Ukucha Kwenye Duara Jekundu

Kwa miaka kumi na tisa, mfagiaji wa jumba la sanaa ndiye pekee aliyeruhusiwa kuipangusa vumbi ile picha kubwa ya ukumbi wa juu. Wageni waliona fujo tu: miraba ya buluu imepandana, duara jekundu limekatwa nusu. Yeye aliijua kwa mkono. Brashi yake laini ilipanda matuta ya rangi na kushuka mabondeni, hadi pale mchoraji alipopaka kwa kisu rangi ikasimama kama kovu.

Siku moja mkurugenzi alisema picha imepelekwa kuvikwa fremu mpya kwa seremala, mdogo wa marehemu mume wa mfagiaji. Iliporudi, brashi iliteleza. Rangi zilikuwa zilezile, lakini matuta yamelala. Akanusa: mafuta mabichi. Akatazama huku na huku, akabonyeza duara kwa ukucha. Alama ikabaki. Rangi ya miaka arobaini haibonyei!

Tangu hapo hakumwamini mtu. Mlinzi akikohoa, anageuka. Seremala alipokuja nyumbani kumjulia hali, alimzuia mlangoni.

“Shemeji, leo hata karibu hakuna?”

“Kawaulize waliokutuma.”

Seremala akageuka, akaenda zake.

Mfagiaji akampelekea mkurugenzi habari.

“Mama, wewe umesomea uchoraji?” mkurugenzi akacheka.

“Sijasomea, baba. Lakini ile rangi ni mbichi. Nimeigusa.”

Kicheko kikakatika ghafla. Kesho yake mama wa watu akahamishiwa vyooni. Akajiuliza: kama nimesema upuuzi, mbona naadhibiwa?

Jioni hiyo alikwenda karakana kwa shemeji yake.

“Picha gani?” seremala alishangaa. “Mimi nililetewa vipimo tu. Fremu aliifuata mkurugenzi mwenyewe.”

Mfagiaji alikaa chini kwenye maranda.

Walikwenda wote wawili kwa mwenyekiti wa bodi. Mtaalamu akaitwa, naye akabonyeza. Picha halisi ilikutwa nyumbani kwa mkurugenzi, nyuma ya kabati, imefungwa kwa shuka. Mkurugenzi akapelekwa mahakamani. Mfagiaji akarudishwa ukumbi wa juu.

Alimwomba shemeji yake radhi mara tatu. Kila mara alijibiwa, “Yamekwisha.” Lakini ilipita miezi mingi kabla seremala hajakanyaga tena nyumbani kwa marehemu kaka yake.