Mguu wa Mzee Wangu, Puto au Waya

Vidole vya mguu wa mume wangu vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi tulipofika hospitali, Dodoma mjini. Daktari aliniamkia, akaeleza kwamba mishipa ya damu chini ya goti imeziba. Angeweza kupitisha puto dogo ndani ya mshipa, aupanue, kisha alitoe. Au angeacha humo kijibomba cha waya kiushikilie.

"Kipi kizuri?" nikauliza.

"Bibi, puto likitoka, mshipa unaweza kujifunga tena. Na waya kwenye mshipa mwembamba hivi unaweza kuziba. Ila tukichelewa, tutaukata mguu."

Mzee akasema, "Mngojeni kaka yangu." Kwao mwili wa mtu mzima hauguswi na kisu mpaka mkubwa wake aseme. Kaka alikuwa kijijini Kibakwe na simu yake haipatikani, nikatuma ujumbe kwa dereva wa basi. Nikakaa naangalia ule weusi unapanda. Mke hana neno hapo.

Kaka alifika kesho yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akautazama mguu. "Huu ndio ulikuwa unaniacha nyuma tukichunga," akamwambia mdogo wake. Kisha akanigeukia. "Shemeji, mimi najua ng'ombe. Haya ya waya siyajui. Sema wewe."

Nami sikujua. Nikamwambia daktari afanye lile ambalo angemfanyia baba yake.

Alitumia puto. Baadaye akasema tungoje, mguu ukipata joto ndipo tutajua. Nikaingiza mkono chini ya blanketi, nikaushika unyayo. Ulikuwa bado wa baridi.